Babu Mzaa Baba

Hezekiah, dereva wa bosi wao, alizima gari mbele ya jengo la nyaraka, Jeddah, akamtazama Rispah kwenye kioo.

"Wenzako wakipata saa moja ya bure wanakimbilia soko la Balad kutafuta wigi," akasema. "Wewe unakimbilia mafaili. Harakisha, dada. Madam akitoka kwa fundi nguo asinikute mlangoni, sote wawili tumekwisha."

Rispah hakucheka. Alikuwa amejaza fomu Riyadh, alikofanyia kazi ya nyumbani, katika ofisi moja ya mtaa wa Olaya, akaambiwa madaftari ya mahujaji wa zamani yako tawi la Jeddah. Alingoja miezi mitano, mpaka familia ya bosi ilipokuja huku likizo ya shule na kumleta ashike watoto.

Alichotaka ni tarehe moja tu. Babu yake, Omari Shiundu, aliondoka Mumias kwenda kuhiji mwaka 1961, asirudi. Sasa, mwaka 2014, Absalom, binamu ya baba yake, alikuwa amepeleka mahakamani Kakamega hati yenye alama ya kidole gumba, inayosema Shiundu aliuza shamba lake mwaka 1963. Kesi ilibakiza wiki mbili. Absalom akishinda, kukhu, yaani nyanya yake Rispah, angetolewa katika boma aliloolewa akiwa msichana. Mtu aliyekufa 1961 hauzi shamba 1963, kila mtu alijua hivyo, lakini hakimu alitaka karatasi yenye muhuri.

Sehemu ya wanawake ilikuwa tupu na baridi ya kiyoyozi. Karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, alikuwa ameshalitoa daftari. Akaweka kidole kwenye mstari.

"Omar Shiundu, wa Kenya. Alifariki hospitali ya karantini hapa Jeddah, mwezi wa hija, mwaka 1380. Ndiye?"

Rispah alikuwa amezikariri hesabu za kalenda zote mbili. Mwezi wa hija wa 1380 ni 1961. "Ndiye," akasema.

"Ikama yako."

Akaitoa kadi yake ya ukaazi. Karani akaitazama kadi, akalitazama daftari, kisha akamtazama yeye.

"Hapa imeandikwa wewe si Mwislamu. Babu yako alikuwa hujaji. Imekuwaje?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia habari za nyumbani. Upole huo ndio uliomtia Rispah baridi. Aliijua njia ya swali lile. Babu akiwa Mwislamu, mwanawe ni Mwislamu. Na mwanawe, yaani baba yake Rispah, leo ni mzee wa kanisa. Ametoka katika Uislamu. Rispah alikuwa mtu wa kusoma, na kabla ya kupanda ndege alikuwa amesoma adhabu ya anayetoka, nayo ni kifo. Hakuwahi kusoma popote mtoto wa aliyetoka anahesabiwaje. Miaka miwili nyumbani kwa bosi hakuwahi hata kulitaja jina la Omari.

"Ni babu mzaa mama," akasema, maana mtoto huhesabiwa dini ya baba, si ya mama.

"Lakini Shiundu iko kwenye ikama yako."

"Kwetu mtoto hupewa jina la mzee yeyote aliyefariki, wa kuumeni au wa kukeni." Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilitoka bila kukwama.

"Ajabu," akasema karani. Akaandika, akapiga muhuri. "Yalla, chukua."

Kwenye benchi la ukumbini Rispah aliisoma karatasi, neno moja moja kwa Kiarabu chake cha kujifundisha. Tarehe ilikuwepo. Chini yake: *amepewa Rispah Shiundu, mjukuu wa marehemu kwa binti yake.*

Shiundu hakuwa na binti. Alikuwa na mtoto mmoja tu, baba yake Rispah. Wakili wa Absalom angesoma mstari huo kwa sauti, acheke, aseme: Huyu ni Omari Shiundu mwingine.

Simu ikatetemeka. Hezekiah: *Madam amepiga. Toka.*

Alisimama. Mlango wa kutokea ulikuwa mkono wa kulia, dirisha la karani mkono wa kushoto. Akaenda kushoto.

"Samahani, mama. Nilisema vibaya. Ni babu mzaa baba."

Karani alivaa miwani. "Ulimsahau baba yako?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Rispah akaisogeza karatasi dirishani. Karani akaichana, akaandika nyingine, akapiga muhuri. Halafu akaichukua ikama, akaiweka kwenye mashine ya nakala, na mwanga wa kijani ukapita chini yake.

"Mara ya kwanza hukutoa nakala," Rispah alisema kwa sauti ndogo.

"Mara ya kwanza hukuwa umebadilisha maneno." Karani akamrudishia kadi, na nakala akaitia ndani ya faili. "Halas, basi, binti. Nenda."

Nje jua lilimpiga usoni. Hakuingia garini. Aliitandaza karatasi juu ya boneti yenye moto, akaipiga picha, akamtumia baba yake Mumias.

"Kwani ulikuwa unaandika upya kitabu chote?" Hezekiah alisema dirishani. "Ingia basi, bana."

"Subiri ifike."

"Si utatumia tukienda?"

"Hapana. Ifike kwanza."

Alisimama akiikodolea simu macho, mgongo wake ukiusikia mlango wa lile jengo, mpaka alama ya pili, ya ujumbe kufika, ilipotokea. Ndipo alipoingia, akafunga mlango na kubonyeza kitasa.

"Mbona unajifungia hivyo?" Hezekiah akauliza.

"Endesha tu," alisema Rispah.