Betri Mbili na Kichwa Nusu

Wajukuu wangu, nyinyi mnaobonyeza swichi ukutani na kununa stima ikipotea kidogo, someni hii mjue kwa nini hapa kwangu betri hazichanganywi.

Mzee wangu, babu yenu, alipozikwa kwetu Myanga, siku ya kunyoa wafiwa ilifika. Mjane ananyolewa kwanza. Mpaka kichwa chake kiishe, hakuna mwingine wa boma anayenyolewa, na wageni hawaondoki. Miaka hiyo tulikuwa tumekatazwa kupitisha wembe mmoja kwa vichwa vyote, kwa sababu ya ugonjwa. Basi kifungua mimba wangu, ambaye ni kinyozi Matisi kule Kitale, akaleta mashine ya kunyolea na inveta, kile kisanduku cha kugeuza moto wa betri uwe stima. Inveta hiyo hutaka betri mbili zilizofungwa kwa mfuatano, moja nyuma ya nyingine.

Yeye alikuwa na zake mbili, zimezeeka pamoja na zinafanya kazi. Mdogo wake, mkulima wa tumbaku Malakisi, akakataa.

"Kwani baba alikuwa wako peke yako? Na mimi naweka yangu."

Ati kila mtoto lazima aonekane ametoa kitu. Kwa hivyo kinyozi akaja na moja tu, kuukuu, wakaifunga na ile mpya ya mdogo wake, wakazichaji pamoja kwa sola. Nikaona kuukuu inachemka na kunuka, mpya imetulia. Nikauliza kwa nini. Kinyozi akanijibu:

"Mama, wewe kaa tu uomboleze."

Nikakaa. Mashine ikapita upande wa kushoto wa kichwa changu, ikafika katikati, ikalia kama nzi kwa chupa, ikanyamaza. Nusu upara, nusu nywele, na watu wa kanisa wameketi wananitazama!

"Ni hii betri yako ya juzi!"

"Yangu? Si yako ndiyo babu ya betri, bana!"

Wakabishana hapo karibu na kaburi la baba yao. Mke wa yule mdogo akachoka nao. Akachukua balbu ndogo ya gari, akaigusisha kwa betri moja moja. Kwa mpya iliwaka mpaka tukafumba macho. Kwa kuukuu ilikuwa nyekundu kama kaa linalokufa. Mpya ilikuwa bado imeshiba, lakini moto wake lazima upitie kwa mwenzake aliyeisha. Na inveta inaangalia jumla ya nguvu ya zote mbili tu. Jumla ikishuka, inazima.

"Ile nyingine yako iko wapi?" nikamuuliza kinyozi.

"Iko Matisi, Mama. Niliiacha huyu apate nafasi."

Nikaagiza nyembe mpya dukani, kila mtu wake. Nikamaliziwa kwa mkono, kwa uchungu. Kichwa kilipoisha nikasimama:

"Katika boma hili, betri zinazofungwa pamoja zinunuliwe pamoja na zizeeke pamoja. Kila asubuhi kila moja ipimwe peke yake. Na anayetaka kuonekana ametoa, alete kuni."