Sauti Isiyobanika

Simu niliyomrekodia marehemu mama ilikuwa inakufa, na kompyuta yangu hapa Garsen ilikuwa imejaa. Katika rekodi zile mama anataja mipaka ya shamba letu la Kinakomba, mti kwa mti, kabla mto haujahama na kulimeza.

Sikukimbilia kubana faili zote ili nafasi ipatikane. Nilichukua faili moja ya kila aina, nikaibana, nikalinganisha ukubwa. Maandishi ya kina cha mto, ninachokipima kila siku kazini, yalinywea sana, lakini yalikuwa madogo tangu mwanzo. Sauti ya mama haikupungua. Simu ilikwisha kuibana wakati wa kurekodi. Picha zangu za mafuriko, vivyo hivyo. Ilibidi kitu kifutwe.

Nikampigia dada yangu.

"Kaka, futa hizo picha za maji," alisema. "Maji yatarudi, utayapiga picha tena. Mama atarudi?"

Nilizifuta zote, nikahamisha sauti. Nilipomsikiliza mama akiutaja mti wa mwisho wa mpaka, mkoma, ndipo nilipokumbuka kwamba picha zile tu ndizo zilizoonyesha mkoma ule uliposimama, kilele chake kikiwa juu ya maji.