Nilipanga rafu za supermarket mpya Isiolo, siku ya kuajiri nikaonekana sina jamii

Salaam aleikum wakuu, na wale wa upande ule mwingine, habari zenu.

Kwa kawaida mimi ni msomaji tu humu. Leo naandika kwa sababu ya yule jamaa aliyeweka uzi kwamba vijana wa huku kwetu ni wavivu, tunachagua kazi. Niliusoma nikiwa nimekaa juu ya kreti sokoni na hasira ikanipanda hadi nikampa mteja vitunguu badala ya nyanya.

Haya nitakayosimulia yamenipata mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Ukiona mahali nimeongea vibaya, jua hapo ndipo panauma.

Kwanza mnijue. Mimi ni msichana wa mtaa wa Kiwanjani, hapa Isiolo. Marehemu baba alikuwa Mborana wa Kulamawe. Mama ni Mmeru, alisilimu alipoolewa, na anauza viazi, nyanya na sukuma wiki hapa sokoni. Nimesimama nyuma ya meza yake tangu nikiwa shule ya msingi. Nilimaliza form four, nikasoma certificate ya sales, nikapiga picha na lile gauni la mahafali, kisha nikarudi palepale kwa meza.

Miguu ya mama inavimba. Daktari alimwambia apunguze kusimama.

Sasa mtu ambaye kazi yake ni kusimama ukimwambia apunguze kusimama, umemwambia nini? Kwa hivyo mimi nilikuwa na jambo moja tu kichwani: nipate kazi ya mshahara, mama akae nyumbani.

Ndipo tukasikia kuna supermarket kubwa inafunguliwa hapa town. Jina sitaji, msinisumbue inbox.

Vijana wote wa Isiolo tulikimbia na bahasha. Tulikuwa tunamwachia soja wa gate, naye anazitupa kwenye katoni ya biskuti iliyokuwa nje. Siku moja mvua ikanyesha, CV zikalowa zote, akatuambia tulete zingine. Tukaleta. Hakuna aliyelalamika kwa sababu kila mmoja aliona akilalamika atakumbukwa vibaya.

Jibu lilikuwa moja. "Tutawapigia."

Wale mmetafuta kazi mnajua huo ugonjwa. Unaenda choo na simu. Unaoga na simu iko dirishani. Namba mpya ikipiga, unakohoa kwanza ndiyo upokee, halafu unakuta ni mtu anamtafuta fundi wa pampu. Binamu yangu aliolewa Kulamawe sikwenda, kwa sababu kule nyumbani kwao network ni ya bahati. Mpaka leo ananisalimia kwa mdomo tu.

Baada ya miezi mingi niliitwa interview. Manager alikuwa mtu wa Nairobi, mpole, anaongea polepole.

"Una experience gani?"

Nikamwambia nimeuza sokoni tangu nikiwa mdogo.

"Hiyo ni ya nyumbani. Nauliza experience ya kazi, mahali umeandikwa."

Sikuwa nayo. Nani angeniandika, na kila anayeandika anataka aliyekwisha kuandikwa? Hili swali mimi nimelichoka, na sijawahi kupata bosi wa kunijibu.

Lakini alinipigia, wakuu. Mimi na wachache wengine. Alisema ni training, tujifunze kazi kabla ya kufungua. Mshahara hakuna bado, kuna githeri ya mchana. "Mkifanya vizuri, ni nyinyi tutaanza nao."

Training yenyewe ilikuwa kusugua sakafu iliyojaa simenti, kufungua makatoni, kupanga rafu na kubandika bei. Nilikuwa na rafiki yangu Ekai, kijana Mturkana tuliyesoma naye, yeye alipewa upande wa mafuta na mchele. Mimi nilipewa sabuni zote na baadaye vitu vya watoto. Kufungua kulikuwa kunasogezwa kila mara. Mara tunangoja Ramadhan iishe, mara leseni, mara friji zimekwama njiani. Bei zikibadilika tunabandua na kubandika upya.

Nitasema ukweli, niliipenda ile kazi. Nilipenda kurudi asubuhi nikakuta nilivyopanga jana bado vimesimama vile vile. Nilikuwa nimeshamwambia mama achague ni nani atamwachia meza.

Sasa ngoja niwaambie kitu ambacho mtu wa nje hajui. Huku kwetu kazi haitolewi hivi hivi. Karibu na kufungua kulienea uvumi kwamba wafanyakazi wote wanatoka Nairobi, wengine wakasema ni wa kabila moja tu. Wazee na vijana wakajaa gate. Chifu akaita baraza, manager akaja na jasho usoni, na wakakubaliana ile njia yetu ya siku zote: kila jamii ikae na wazee wake, ilete vijana wake. Waborana wao, Wasomali wao, Waturkana wao, Wameru wao, Wasamburu wao. Hivyo hakuna atakayefunga barabara.

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi. Nilijiambia, mimi nina jamii mbili, nitakosaje?

Majina yalisomwa pale nje ya supermarket. Ekai alisomwa na Waturkana wenzake. Nikamshika mkono, nikangoja. Waborana wakasomwa wote. Nikasema sawa, basi ni upande wa mama. Wameru wakasomwa wote.

Nilidhani kuna karatasi imebaki. Niliangalia mkono wa yule msomaji. Hakukuwa na kitu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa ankol Guyo, mdogo wake marehemu baba. Alikuwa mmoja wa wazee waliokaa kuchagua upande wa Waborana. Na hakuonekana kama mtu aliyenikosea. Alishangaa kabisa.

"Halima, sisi tulijua Wameru wamekuweka. Mama yako si ako na wao kila siku hapo sokoni? Nikasema kwa nini tuharibu nafasi yetu na mtu ako na kwingine. Tukapea kijana mmoja ya huko Biliqo."

Kwa wazee wa upande wa mama nilikaribishwa vizuri pia. Mzee mmoja alinishika bega.

"Mwari, kwetu mtoto ni ya baba. Wewe unaitwa Halima, uko na watu yako. Hatukujua wamekuacha."

Mmeona hapo? Hakuna aliyenikataa. Kila upande ulinipenda sana, ukanihesabu kuwa niko salama kule kwingine. Adui angenikataa usoni ningejua pa kupeleka matusi.

Manager alinisikiliza akiwa amesimama. Alisema kazi yangu ameiona na hana shida na mimi, ila akiniongeza nje ya makubaliano, kesho watu watarudi gate. Kisha akasema lile neno lake. Tutakupigia.

Siku ya kufungua kulikuwa na spika na keki. Mimi nilikuwa sokoni. Wateja wetu walipita na mifuko mipya wakituonyesha nyanya zilizofungwa kwa plastiki, na mama anawachekea. Nilitaka kuwarushia viazi.

Nilikaa na uchungu huo muda mrefu. Kisha yule kijana wa Biliqo akaacha kazi. Mvua ilinyesha kwao, baba yake hakuwa na mtu wa ng'ombe, akaenda zake. Simlaumu. Pengine hakuiomba hata siku moja.

Manager alinipigia yeye mwenyewe. Simu iliita kweli, wakuu, mpaka sikuamini. Alisema nafasi ni ya Waborana, wazee wakisema ni mimi, yeye hana neno, nianze Jumatatu.

Ankol akasema atazungumza. Lakini wenzake wakagoma. Walisema huyo ni nusu, kesho Wameru watadai ni wao wameongezewa. Kikao kikavunjika, kikaitwa kingine. Mama akawa ananiuliza kila jioni wamesemaje, na mimi namjibu bado. Aliacha kuuliza. Nilidhani amechoka.

Siku moja ankol aliniita kwake. Alikuwa na furaha. "Kaa, intala, binti yangu, kunywa chai. Mambo imeisha. Mama yako ametusaidia sana."

Nikauliza mama amesaidia vipi.

"Alikuja kwa wazee. Alisema yeye alikulea tu. Mama alikuzaa alikuwa msichana yetu, akakufa ukiwa mdogo. Alisema mbele ya wote. Sasa hakuna mtu atauliza."

Nilikiweka kikombe chini.

Nikamwambia, "Ankol, wewe ulikuwa kwa harusi yao."

"Nilikuwa. Lakini amesema mwenyewe. Wewe nyamaza, uanze kazi."

Naomba mtu anielewe hapa. Mama yangu, mtaa mzima wa Kiwanjani unamwita Mama Halima. Hana jina lingine. Alitembea na ile miguu hadi kwa wanaume wasiomjali, akasimama mbele yao, akasema hakunizaa. Na wazee waliokuwa wakijua ni uongo waliuchukua kwa sababu ulikuwa uongo wa kufaa.

Nilimwambia ankol anipeleke kwao. Nikawaambia yule mwanamke ndiye aliyenizaa, na kama nafasi inataka nikae kimya, sitaki. Hawakunigombeza. Mmoja alisema nina kichwa kigumu kama baba yangu. Nafasi akapewa mwingine wiki hiyo hiyo.

Kuna watakaosema nilifanya vizuri. Asanteni, lakini mimi si jasiri. Kila jioni nikimkanda mama miguu kwa maji moto, najiuliza nilikuwa namtetea nani. Yeye alikuwa ameshalipa ile bei, mimi nikaenda kuirudisha bidhaa.

Hajui kwamba najua. Nilimwambia nafasi ilijaa. Akasema pole, akaendelea kuchambua sukuma.

Sasa somo, kwa yule jamaa wa uzi wa wavivu na kwa wadogo zangu mnaomaliza shule. Experience ni kisingizio cha heshima tu wanachokupa mlangoni. Nyuma yake kuna mlango mwingine ambao hakuna chuo kinakufundisha. Usipange rafu za mtu kwa githeri bila maandishi. Na kama wewe ni wa pande mbili kama mimi, usikae nyumbani ukidhani uko na bahati mbili. Nenda ukae kwenye kikao mwenyewe, uulize kwa sauti nani amekuweka, na uangalie watu wakitazamana.

Karibuni mchangie. Hasa wale wenye baba wa huku na mama wa kule, mlipitaje? Na kama kuna mwenye duka humu, mahali popote kuanzia Meru hadi Marsabit, anayetaka tu mtu anayejua kuuza, aniandikie. Wa kunitukana pia karibuni, mimi nimezoea soko.

Naishia hapa, mama ananiita, kuna mteja wa viazi.

Zamani akiniita alikuwa anasema Kendi, jina la Kimeru la mama yake, kwa sauti ya kufika mwisho wa soko. Siku hizi tukiwa wawili tu ananiita hivyo hivyo. Wakiwepo watu ananiita Halima, polepole, kama mtoto wa jirani. Nilimuuliza kwa nini, akasema huwezi kujua, huenda nafasi nyingine ikatokea.