Penseli Iliyoruka Mtutuni

Rosenda Catalbas alikuwa mkunga mtaa wa Jaro, mjini Iloilo, na vijana wengi wa mtaa huo mikono ya kwanza kuwagusa duniani ilikuwa yake. Mumewe alipofariki alimwachia nyumba, mbwa mkorofi na bastola ya mashindano. Rosenda alikusudia kuiuza. Ila kabla ya kuipeleka kwa mnunuzi aliifungua aone ndani mna nini, maana hakuna kitu kilichofungwa ambacho mwanamke yule aliweza kukipita hivi hivi. Akakuta springi, nyundo na vipande vidogo vinavyosukumana kwa zamu. Mnunuzi alisubiri mpaka akachoka.

Basi kila Jumapili baada ya misa akawa anakwenda kwenye machimbo ya zamani ya mawe, nje ya mji, ambako klabu ya walenga shabaha ilikuwa na uwanja wake. Huko alikuwepo shemeji yake, Gelacio, mdogo wa marehemu, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi.

"Shemeji, unapiga kama unafukuza kuku," Gelacio alimwambia siku moja. "Tazama mdomo wa bastola yako. Unapanda, unashuka, unainama kama unaswali."

"Wako mbona umetulia?"

"Springi. Hiyo ya kiwandani ni ngumu. Lile bamba la juu likisharudi nyuma, springi inalitupa mbele kwa kishindo, mdomo unainama. Weka laini, kama yangu. Utanishukuru."

Akampa moja, mpya, iliyotengenezwa na fundi asiyejulikana jina. Rosenda akaitia, na kweli, bastola ikawa mpole. Kila risasi ilipotoka, shabaha ilibaki mbele ya macho yake. Akaanza kuwashinda wanaume waliokuwa wakimcheka, na Gelacio akatangaza uwanja mzima kwamba mwalimu ni yeye.

Kisha ikaja Jumapili ya mashindano ya mkoa. Rosenda alikuwa katikati ya zamu yake ya kukimbia na kulenga, anahama kutoka ukuta wa mbao hadi mwingine, mara ukatoka mlio ambao haukuwa mlio wa bastola. Ulikuwa mzito na mfupi, na moshi ulitokea pasipostahili. Magazini ya risasi ilichomoka chini ikaanguka. Kiganja kilimwasha kama moto. Miwani ilikuwa imejaa chembe nyeusi. Bila miwani hiyo, chembe zingekuwa machoni.

"Simama! Iweke chini!" mwamuzi alipiga kelele.

Aliiweka chini polepole, mdomo ukielekea kwenye kilima kinachopokea risasi. Damu ilikuwa inamchuruzika, lakini kabla ya kufungwa bandeji aliinama akaokota ganda la shaba la risasi ile. Lilikuwa limepasuka ubavuni, karibu na kitako.

"Dada, kwanza mkono!" mwamuzi alimkemea.

"Mkono utapona. Hili mbona limepasuka huku tu?"

Gelacio alisema ni baruti. Labda Rosenda aliizidisha alipokuwa akijaza risasi zake nyumbani, kama walenga shabaha wengi wafanyavyo. Wengine wakakubali. Rosenda hakubisha, ila nyumbani alizipima risasi zilizobaki, na baruti ilikuwa sawasawa. Alichogundua ni kingine: baadhi zilikuwa nene kidogo. Akatoa mtutu, akaiangusha moja ndani kwa vidole. Iligoma kuzama yote, kitako kikabaki nje, pale pale ganda lilipopasukia. Springi ya kiwandani ingeisukuma mpaka mwisho. Ile laini haikuwa na nguvu hiyo.

Lakini hilo lilijibu nusu tu. Bamba lisipofunga, bastola haitakiwi kulia. Kwa nini yake ililia?

Akahakikisha haina risasi, akaangalia tena, akatumbukiza penseli mtutuni, kichwa cha raba kikitangulia ndani. Akalivuta bamba nyuma kidogo tu, kama lilivyokuwa siku ile, akabonyeza kifyatulio. Penseli ikaruka, ikagonga dari. Kile kipande kidogo cha kuizuia nyundo bamba lisipofunga kilikuwa kimelika. Kimelika tangu enzi za marehemu, huenda, na springi ngumu ilikuwa ikikifichia aibu.

Jumapili iliyofuata alifika uwanjani na bandeji na penseli.

"Mkunga ametuletea mtihani!" mmoja akadakia, wakaangua kicheko.

"Na wewe ndiye wa kwanza kufeli," Rosenda akamjibu. "Gelacio, lete yako."

Gelacio alikuwa amenuna. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuunguza?"

"Sijasema. Nataka kujua tu. Lete."

Bamba likavutwa nyuma kidogo, kifyatulio kikabonyezwa, na penseli kwenye bastola ya Gelacio haikusogea. Akatamba, akainua mikono kama bingwa. "Mmeona? Mali safi!"

"Yako ikishindwa kufunga, itagoma tu," Rosenda alisema. "Yangu haikujua kugoma. Nani mwingine ana springi laini?"

Mwenyekiti wa klabu, Edilberto Sobrevega, mtu mkimya, alitoa yake. Akabonyeza. Penseli ikaruka mpaka kwenye changarawe. Edilberto akaishusha bastola.

"Hii binti yangu ndiye anayeitumia," alisema. "Ameitumia asubuhi hii."

Siku hiyo hakuna aliyelenga tena. Walikaa chini ya turubai, bastola zimefunguliwa mezani, supu ya tambi ikipoa kwenye bakuli. Kabla ya kuondoka walikubaliana kwamba anayebadilisha springi, bastola yake itapimwa na mwamuzi kwanza kwa penseli, na kwamba kila risasi iliyojazwa nyumbani itaangushwa mtutuni kabla ya kupigwa.

Wakiwa wanafungasha, Gelacio alimsogelea. "Shemeji, ile springi... niliinunua kwa sababu ni laini. Sikuuliza zaidi."

"Na mimi nilishinda nayo, nikaacha kuuliza," Rosenda alisema. "Nishikie begi, mkono unauma."

Kidonda kilipopona alirudi na kipande kipya cha kuzuia nyundo na springi ya kiwandani. Risasi ya kwanza ilikwenda nje ya shabaha. Ya pili pia. Alimaliza katika nafasi za chini kabisa, akaenda moja kwa moja kwa Edilberto kumwuliza: springi ikiwa ngumu kupita kiasi, je, nayo huharibu nini?