Neno "Apumzishwe"

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, mfuaji wa mashuka aliweka cheti cha zahanati mezani kwangu. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa na kawaida ya kuiandika kila mgeni alipofika au kuondoka, na kalamu ilikuwa tayari mkononi.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa karani wa nyumba ya wageni yenye vyumba vinane, mtaa wa Mwembesongo. Waajiriwa tulikuwa wawili tu: mimi na yule mama wa Kiluguru aliyefua. Mwenye nyumba alikuwa mjane aliyejenga kwa biashara ya vitunguu. Maofisa wenye posho ya safari walilala kwenye hoteli karibu na stesheni, na wenye barua ya padri walipata kitanda misheni. Waliobaki, hasa wachuuzi wa karanga kutoka Gairo, walichagua kati yetu na nyumba nyingine tatu za mtaa uleule. Bei zetu zote zilikuwa sawa, kwa hiyo walichagua kwa mashuka. Mgeni aliingia chumbani, akainua blanketi, akanusa, ndipo akatoa pesa.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Hebu soma hapo. Nimesoma mwenyewe, lakini nataka nisikie kwa mtu mwingine." Mwaka ule alikuwa akihudhuria kisomo cha watu wazima, na alikuwa amefika mahali pa kusoma sentensi nzima. Alikohoa kwa muda mrefu, ameshika ukingo wa meza.

Nilimsomea: "Homa ya mapafu. Apumzishwe kazi. Arudi kuonwa baada ya siku kumi na nne."

Alikaa uani, nikapeleka cheti kwa mwenye nyumba. Nilichukua pia kitabu changu cha sheria za kazi, nilichonunua sokoni kikiwa kimechanika jalada. Nilikuwa nimekisoma mara mbili na kupigia mistari kwa rula. Kilisema kwamba mfanyakazi mgonjwa mwenye cheti cha daktari anaendelea kulipwa.

"Hicho ni kitabu cha viwandani," alisema mwenye nyumba. "Mimi nina kiwanda? Nina mabeseni mawili na pasi ya mkaa."

"Hakimwachi nje mwenye watu wachache, mama."

"Mtaani wananiita mrija, eti mnyonyaji. Mrija gani huo, wa shilingi sita kitanda? Nimlipe aliyelala mgonjwa, nimlipe na wa kufua? Wageni wakinusa jasho mara moja tu, wamehamia kwa jirani." Alikishika cheti mbali na macho yake. "Hapa pameandikwa nini?"

"Apumzishwe kazi."

"Basi. Daktari mwenyewe kasema. Shemeji yangu alipumzishwa kazi reli, umemwona amerudi? Andika barua, Bwana Vitabu."

Tofauti niliijua. Kwa lugha ya maofisini, kupumzishwa kazi kulikuwa namna ya adabu ya kumwambia mtu asirudi tena. Mganga wa zahanati alikuwa na maana ya kitanda na uji. Nilirudi mezani nikaandika barua, yenye tarehe, kichwa cha habari na nafasi ya sahihi: "Umepumzishwa kazi kuanzia leo." Sikusikia uchungu wowote. Niliangalia tu kama mistari imenyooka.

Yule mama aliisoma mwenyewe, amesimama, kidole chini ya kila silabi. "U-me-pu-mzi-shwa." Akatabasamu. "Kumbe ana huruma! Mimi nilidhani atanifukuza."

Wakati wa kumweleza ulikuwa huo.

"Pumzika, mama," nilisema.

"Na mshahara nitaukuta?"

Nilimjibu kwamba mambo ya mishahara yako kwa mwenye nyumba. Alikunja barua pamoja na cheti, akavifunga kwenye pindo la kanga, akapanda milimani kwa binti yake. Kesho yake mwanamke mwingine alianza kufua.

Siku ya kumi na tano alirudi, amekonda, amebeba kapu la njegere. Alipita moja kwa moja uani, kisha akarudi taratibu hadi mezani kwangu.

"Yule ananishikia nafasi?"

Nilimwomba barua. Nilimsomea tena, safari hii nikilieleza lile neno, kama mwalimu wake wa kisomo angelieleza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo siku ile ulijua."

"Nilijua."

"Na ukaniambia nipumzike."

Nilimwambia kwamba kuna ofisi ya kazi mjini, anaweza kwenda kulalamika, na kitabu changu kinamtetea.

"Nikaseme nini, mwanangu? Barua yenyewe umeiandika vizuri."

Njegere aliziacha mezani. Alisema zilikuwa zangu tangu zilipochumwa, na kuzipandisha tena mlimani ni kazi. Kwa mazoea niliandika saa aliyoondoka: saa nne kasoro dakika tano.

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba aliniambia niingize mshahara wa nusu mwezi ile ya ugonjwa, ambao hakuulipa, kwenye fedha zilizookolewa. Mshahara wa yule mama kwa mwezi ulikuwa shilingi mia moja na themanini. Niligawa kwa mbili, nikahakiki, nikaandika: shilingi tisini.