Suti Ina Mwenyewe

Fundi cherehani wa mtaani kwetu huongea na pini mdomoni, na hata akicheka hazimdondoki. Ukutani ametundika suti nyeusi aliyomshonea mume ambaye bado anamwomba Mungu ampe. Wateja wakiitaka, huwajibu, "Hiyo ina mwenyewe, yuko njiani." Kila Jumamosi huipiga pasi huku akiimba pambio. Juzi nilimkuta akifumua kiuno cha gauni lake la harusi, maana limeanza kumbana tena. Alipomaliza kulipanua, akaishusha suti, akaanza kuifumua nayo. Nikamuuliza, "Dada, na hiyo ina kosa gani?" Akatoa pini mdomoni, moja moja. "Kwani unadhani mwenzangu huko aliko ananisubiri na njaa?"