Kinu Hakiachwi Nyumbani

Ile siku niliyobeba kinu kichwani kutoka Mutuka mpaka Bagara naikumbuka kama naiona, mwanangu. Nilikuwa binti, nimeshachumbiwa, na mchi wangu umevunjika. Nikamwambia bibi yangu, naenda kwa fundi kuchagua mwingine. Akaniangalia.

"Na kinu?"

"Kinu kizima, bibi, kipo hapo."

"Basi kibebe."

Nikacheka nikidhani ni utani. Wapi! Bibi yangu hakuwa mtu wa utani kabla ya chai. Nikabeba. Kilikuwa kile kidogo cha kukobolea mahindi ya makande, lakini kidogo kwa nani? Shingo iliingia mabegani kama ya kobe. Enzi hizo Babati bado tupo mkoa wa Arusha, barabara ni vumbi tupu, na vijana wachungaji wakaniona.

"We dada, unahama na jiko lote?"

"Mwacheni, anampelekea mchumba mahari!"

Nikavimba, nikaenda.

Kwa fundi nikaona mchi mweusi, mzito, unang'aa kwa mafuta. Roho ikaupenda palepale. Fundi akautia kwenye kinu changu, akagonga kidogo, akatikisa kichwa. "Huu utakula kinu. Kinu chako ni mti laini." Akanipa mwingine, rangi ya majivu, hauna sura kabisa. Lakini ulipoingia kinuni ukacheza vizuri, haugusi ukingo. Nikarudi nao nimenuna. Bibi akasema, "Mchi mzuri ni ule unaokubaliwa na kinu. Wewe ulitaka wa kutazamwa au wa kutwangia?"

Neno lile likakaa ndani yangu. Sikujua linanisubiri uzeeni.

Maana uzeeni nyonga yangu ililika, mwanangu. Kichwa cha mfupa wa paja kinakaa kiunoni hapa kama mchi kwenye kinu, na changu kilikuwa kinasaga mfupa kwa mfupa. Paskali, kitinda mimba wangu, alikuwa ananiingiza kanisani mgongoni kama gunia la mbaazi. Watu wananiamkia shikamoo, naitikia marahaba niko huko juu! Nikamwambia, "Paskali, nataka niingie kanisani kwa miguu yangu kabla sijaingizwa na jeneza."

Sasa, rafiki yangu Mama Husna, mwenye duka la vitambaa pale Bagara, alikuwa ameshawekewa nyonga bandia. Anatembea dukani kama askari wa gwaride. Akaniambia, "Mama Paskali, usikubali nyingine. Yangu haina simenti hata kidogo, mfupa wenyewe unaota unaikamata. Ndiyo ya kisasa!" Paskali naye akanionyesha picha kwenye simu, nyonga yenye kichwa cha kauri, kinang'aa kama kikombe cha wageni. "Mama, nitamwambia daktari akuwekee hii."

Na mimi niliipenda, nisikudanganye. Halafu nikasikia shingo inauma, palepale pa kinu. Nikamuuliza, "Na kinu?"

Masikini Paskali akadhani uzee umenizidi.

"Mfupa wangu, Paskali. Mnachagua mchi kinu hamjakiona. Nipelekeni mimi mwenyewe."

Daktari alikuwa binti mpole, amenisalimu kwanza kabla ya kushika karatasi. Akaweka nyonga za mfano mezani. Moja ina ngozi ya kukwaruza kama tupa. Hiyo inagongwa ndani ya mfupa, mfupa unaota na kuishika, ndiyo ya Mama Husna. Nyingine ni nyororo, inashikiliwa na simenti ya mifupa. Kichwa kinaweza kuwa cha chuma au cha kauri, kinachezea kwenye kikombe cha plastiki ngumu.

"Vikisagana," nikauliza, "unga wake unaenda wapi?" Maana kuuliza si ujinga. Akafurahi, akavuta kiti karibu. Akanieleza kwamba unga ule ukizidi unaweza kula mfupa, ndiyo maana wanatafuta plastiki isiyolika upesi. Kisha akainua picha ya eksirei kwenye mwanga. "Bibi, mfupa wako umekuwa mwembamba, ndani ni mpana kama bomba. Ile ya kugonga inaweza kuupasua. Kwako naona ya simenti, na kichwa cha chuma kinakutosha."

Paskali akaruka. "Daktari, hiyo si ya zamani?"

"Ni ya siku nyingi, na bado inafanya kazi."

"Kaa chini, Paskali," nikasema. "Mimi nataka ya kutwangia."

Nikapasuliwa, nikawekewa hiyo ya simenti. Nikajifunza kutembea upya kama mtoto, kwanza kwa magongo, halafu kwa fimbo. Kukaa chini nimekatazwa, kigoda changu cha jikoni amerithi paka. Lakini kanisani niliingia kwa miguu yangu, na fimbo nikaigonga makusudi sakafuni ili waliokuwa wanasali wageuke! Mungu anisamehe, nilikuwa na haki.

Mama Husna aliponiona mlangoni kwake akapiga vigelegele. "Kumbe ya zamani inatembea!"

"Inatembea, na yako inatembea. Kila mtu na kinu chake."

Basi, mwanangu, wazee walisema mwiga tembo hupasuka msamba. Mimi ningepasuka paja! Ukichagua chochote, iwe kiatu, iwe kazi, iwe mume, usiulize kwanza kipi kinang'aa wala jirani anacho kipi. Uliza kitakaa wapi, na hapo mahali pakoje. Na usikubali kuchaguliwa kitu ukiwa hupo. Beba kinu chako, hata wakicheka.

Juzi natoka kwa Mama Husna, kijana wa bodaboda ananiita, "Bibi, panda, utachoka!" Barabara ni ile ile, siku hizi ina lami.

"Nimebeba kinu na mchi wake," nikamjibu, "na sijachoka!"

Mungu akupe miguu ya kukufikisha uzeeni, mwanangu, na ukifika, akupe mahali pa kutembea.